Moto wa Kuomba

Moshi wa jikoni kwa Nzilani haukufuata upepo. Ulimfuata mtoto.

Alimkalisha Kyalo karibu na mlango, moshi ukaenda mlangoni. Akamhamishia kwenye kona ya mtungi wa maji, moshi ukageuka, ukapita juu ya sufuria na kumwendea kule kule. Kyalo alikuwa na miezi minane, na kifua chake kilikoroma kama cha mzee. Muuguzi wa zahanati pale Kithimani alikuwa amesema wazi, "Mama, huyu mtoto hawezi kuendelea na moshi hivi. Badilisha jiko, la sivyo utampoteza."

Basi Nzilani akabadilisha jiko. Alitoa mafiga matatu aliyoyakuta siku aliyoolewa, akaweka jiko la udongo lililofinyangwa na kikundi cha akina mama. Likapasuka siku ya tisa, bila kugongwa na mtu. Akaweka la bati. Lile likatoboka chini kama lililokaa kwenye matope miaka kumi. Na moshi, kwa udongo au kwa bati, ulikwenda kwa mtoto.

"Wenzake walioa wake," mama mkwe wake, Nthambi, alisema akimenya viazi. "Masila wangu alioa mnunuzi wa majiko."

Masila alikuwa kibarua Athi River na alirudi mwisho wa mwezi tu. Hakukuwa na mtu wa kumlalamikia. Nzilani alimfunga Kyalo mgongoni akaenda sokoni tena, machozi ya hasira yakimwasha macho kuliko moshi.

Fundi Josphat alikuwa amepanga majiko yake mbele ya kibanda. Nzilani aliyazunguka mara mbili. Hili mdomo wake mpana, litakula kuni. Lile miguu yake myembamba, haitabeba chungu cha muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharage. Mwisho alisimama mbele ya moja la chuma kizito, lenye mlango mdogo mbele na bomba nyuma.

"Hilo ni dawa," Josphat alisema. "Bomba unapitisha kwa paa. Moshi unaenda juu kama wa gari la moshi."

"Hata lile la bati ulisema ni dawa."

"Mama Kyalo, hilo lingine lilikuwa la bati! Hili ni chuma."

"Na likikataa?"

"Likikataa, uniletee, nimpikie mke wangu chai mimi mwenyewe. Hiyo ni aibu kubwa kwa mwanaume, ama?"

Nzilani karibu acheke. Alilichukua.

Jioni hiyo alipotaka kuwasha kiberiti, Nthambi alimzuia. "Jiko jipya haliwashwi na kiberiti katika nyumba hii. Hamisha makaa ya lile la zamani, lijue watu wake." Nzilani akayahamisha kwa kigae, moja moja, kama alivyofanya mara mbili za kwanza. Makaa yale hayakuwahi kuzimika miezi minne. Usiku yalifunikwa jivu, asubuhi yakafukuliwa mekundu.

Kesho yake asubuhi jirani yao Katunge alipita na kigae chake kuomba moto. "Hee! Hili jiko ni la ofisi ya DC! Nipatie kaa, mama Kyalo. Kiberiti kwangu ni cha Jumapili." Wakacheka, akachukua kaa akaenda.

Jiko lilifanya kazi vizuri. Ndicho kilichomshtua Nzilani mchana ule, wakati Nthambi alipokuwa shambani. Muthokoi uliiva mapema. Aliinama kuongeza kuni, akakuta vijiti vitatu vya asubuhi viko vile vile, havijaungua hata ncha.

Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya kuni. Ilikuwa ya nywele zilizoungua na ya maziwa ya titi yaliyochacha.

Alisimama kimya akasikiliza, na ndipo aliposikia bombani pumzi, ndefu na nzito, ikivutwa ndani na kutolewa, na akadhani ni upepo mpaka alipotazama nje akaona majani ya mihogo yametulia, kisha akamtazama Kyalo juu ya gunia, akaona kifua chake kidogo kinashuka kila mara pumzi ya jiko inapovutwa, na hakipandi mpaka jiko litoe, kana kwamba wawili wale wanagawana pumzi moja na mtoto anapewa makombo, na moshi mwembamba kama uzi ulikuwa ukitoka kwenye ule mlango mdogo wa chuma, ukitambaa sakafuni hadi midomoni mwake.

Mlango wa jiko ukafunguka wenyewe. Ndani makaa yalikuwa yamejipanga kama ufizi wa mtu asiye na meno.

"Usiuache uzime," jiko likasema taratibu, kwa sauti ya mwanaume ambaye Nzilani alimjua.

Nzilani alimnyakua mtoto akakimbia mpaka shambani.

"Mwaitu," alinong'ona, akimwita Nthambi vile alivyomwita mama yake mzazi. "Ule moto si wetu."

"Ni wa nani?"

"Wakati wa zile mvua za El Nino. Moto wetu ulizima nikiwa peke yangu, kiberiti kililowa. Niliogopa utanigombeza. Nikaenda kwa Nzomo."

Nthambi aliangusha jembe. Nzomo alikuwa amerudi kutoka Mombasa na lori, akajenga nyumba ya vigae, na katika nyumba ile hakuna mtoto aliyewahi kuishi mpaka aote meno.

"Alikuambia nini?"

"Alisema, chukua, lakini usiuache uzime."

"Miezi minne tunahangaika na majiko, na wewe umenyamaza?"

"Niliona aibu, Mwaitu."

Walirudi jikoni, wakamwaga ndoo nzima ya maji. Maji yalikauka kabla ya kuyafikia makaa, bila hata kulia. Nthambi akaanza kusali, akamkumbatia Kyalo, na Nzilani akayakokota makaa yote kwenye karai lenye mchanga, akalibeba hadi kwa Nzomo, mikono ikimwungua.

Nzomo alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amekonda, na midomo yake ilikuwa mikavu kama jivu.

"Nimerudisha moto wako, baba."

Nzomo alitazama karai. "Wote?"

"Wote."

"Wote?" aliuliza tena, karibu kwa huruma. Kisha akapokea karai na kufunga mlango.

Usiku ule jiko lililala baridi. Walikula muthokoi uliopoa, na Nthambi hakumsema. Kyalo alilala akipumua bila kukoroma, na Nzilani alikaa akimsikiliza kama mtu asikilizaye mvua baada ya kiangazi.

Asubuhi alipanga kuni, akatoa kiberiti kipya. Alikuwa hajakiwasha aliposikia Katunge akiita kutoka kichochoroni, mtoto wake mgongoni, kigae mikononi.

"Mama Kyalo! Tangu jana bomba lako halitoi moshi, nikasema, mwenzangu moto umemzimia. Nimekurudishia kaa. Ni lako lile la jana asubuhi. Unajua halizimi? Na moshi wake ni mkorofi, usiku kucha umemsumbua huyu wangu!"

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nyumbani kwenda barabarani. Leso ya Katunge ilipepea kuelekea huko. Lakini moshi uliinuka kwenye kigae, ukampita Katunge, ukampita Nzilani aliyesimama na kiberiti mkononi, ukauona mlango.

Ndani, Kyalo alikohoa.