Maji ya Singidani kwa Samaki wa Hajira

Wapiga debe wa stendi ya Singida humsukuma kila mtu, lakini siku ile walimpisha Hajira binti Shamte. Dera la zambarau lilimkaa hasa, na mikononi alikumbatia boksi lililotoka Dar kwa basi.

"Dada, nikupokee? Vifaranga hao watakuelemea," alisema kijana mrefu, shati limenyooshwa.

"Si vifaranga. Ni samaki wa baharini, wazima."

"Singida hii?"

"Hii hii."

Kijana huyo, Luqmani, fundi friji wa Utemini, alipenda pale pale, na mimi simlaumu. Alilibeba boksi hadi kwenye duka la vitambaa la Hajira, akaliona tangi la kioo lenye maji ya chumvi. Mzee Shamte, baba yake Hajira, alikuwa ametangaza mbele ya ndugu kwamba huo ni upuuzi: samaki wakifa, tangi litoke dukani. Hajira aliapa hawatakufa.

Mapenzi yakakolea. Harusi ya binamu ikampeleka Hajira hadi Kintinku wiki nzima, akamwachia Luqmani funguo.

"Mpenzi, maji yakishuka chini ya alama, ongeza," alimkumbusha kwa simu.

"Wewe cheza harusi, mama. Niachie mimi."

Hakumwambia aongeze maji gani. Luqmani, aliyekulia kando ya Ziwa Singidani na kujivunia chumvi yake, akaenda na madumu ziwani.

Hajira aliporudi, samaki walikuwa wanahema juu juu. Alichovya kipimo cha chumvi, uso ukambadilika.

"Umeweka nini humu?"

"Maji ya Singidani. Ya kwetu."

"Luqmani, kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki humo humo. Unaongeza maji ya kunywa. Wewe umewaongezea chumvi, tena na magadi. Toka."

Jioni simu iliita, hakupokea. Ikaita tena, akaigeuza kifudifudi. Alimpenda na ilimuuma, lakini kiburi cha Hajira kilikuwa kirefu kuliko dera lake.

Asubuhi alimkuta mlangoni na dumu la maji ya kunywa.

"Sikuja kubembeleza," alisema Luqmani. "Nimekuja kurekebisha nilichoharibu. Nifundishe."

"Tukiipunguza chumvi haraka watakufa. Ni kidogo kidogo."

"Basi kidogo kidogo."

Akawa anapita kila asubuhi kabla ya kazi. Anachota jagi la maji ya tangi, anamimina yasiyo na chumvi polepole, wanapima. Mwanzoni walizungumza namba tu. Kipimo kiliposoma thelathini na tano, chumvi ya bahari yenyewe, na samaki wakala, Hajira alicheka, akamwita mpenzi bila kukusudia.

Mzee Shamte alikuja Ijumaa baada ya swala, na ndugu wawili nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Aliinama kwenye kioo, akakaa hapo muda mrefu. "Hawa ndio wale wale?"

"Wale wale."

"Umeweza peke yako?"

Angeweza kusema ndiyo, na nani angembishia? Luqmani alisimama kando na jagi lake, macho chini.

"Hapana, baba. Nimeweza na huyu. Alikosea, akabaki mpaka maji yakakaa sawa. Wengine wangekimbia."

"Na huyu ni nani?"

Hajira aliinua kidevu. Hakuwahi kujivunia kitu namna ile, hata samaki.

"Anaitwa Luqmani. Wazee wake wanakuja kwako Jumapili kuleta posa."

Luqmani alikuwa hajamtajia mtu yeyote habari ya posa, hata Hajira. Aliweka jagi chini, akaomba radhi kwa wakubwa, akatoka nje haraka kumpigia baba yake.