Shavu la Mwaka wa Njaa

Siku ya mnada wa Katesh, hata asiye na ng'ombe wa kuuza hutoka nyumbani. Mwaka ule wa 1974 mvua ilikuwa imekataa kwa msimu wa pili, na Wabarabaig walikuwa wamepandisha mifugo yao kutoka bondeni ikiwa mifupa mitupu. Vumbi lilijaa hewani. Kwenye benchi la mama muuza chai aliketi Mwalimu Kasian, kijana wa Kingoni aliyeletwa kutoka Songea kufundisha elimu ya watu wazima kijijini Nangwa. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri na suruali ya bugaluu, iliyopanuka chini, ambayo upepo wa Mlima Hanang uliichezea utakavyo. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai yenye sukari kamili, jambo la kushukuru Mungu siku zile.

Kabla hajaonja, mkono wa msichana ukakichukua kile kikombe.

Alikuwa na gauni la maua ya njano na khanga mabegani. Jasho lilimtoka ingawa upepo ulikuwa wa baridi, na vidole vilimtetemeka. Alikunywa chai yote bila kupumua, akashika ukingo wa meza, akafumba macho.

"Dada, hiyo ilikuwa yangu," Kasian alisema.

"Najua."

"Una kiu?"

"Hapana." Akafungua macho. Uso ulikuwa umeanza kutulia. "Samahani, kaka. Nitakuagizia nyingine."

"Sukari imeisha. Mama amesema hiyo ilikuwa ya mwisho."

"Basi leo utakunywa chungu. Mwanamume mzima hafi kwa chai chungu."

Kasian akacheka, na kwa kweli mambo yalianzia hapo. Alikunywa ile chai chungu kama aliyeshinda kitu. Kabla mnada haujavunjika, alishajua kwamba msichana anaitwa Scolastica Tluway, kwao ni Tlawi kule juu Mbulu, na ndiye muuzaji wa duka la ushirika pale Katesh.

Hakuambiwa lililobaki. Mwaka mmoja nyuma Scolastica alikonda hadi mama yake akaanza kumlilia angali hai. Hospitali ya misheni ilimwokoa. Waligundua kwamba mwili wake umeacha kutengeneza kile kinachoipeleka sukari ya damuni mahali pake, na wakamwambia ajidunge insulini kila asubuhi, maisha yake yote. Kichupa cha dawa alikiweka ndani ya chungu chenye mchanga mbichi kisishikwe na joto, na bomba la sindano alilichemsha kwenye sufuria ndogo. Asubuhi ya mnada alikuwa amejidunga, kisha wateja wakamzuia kula, na sukari mwilini ikashuka. Isingekuwa chai ya mwalimu, angeanguka katikati ya ng'ombe.

Kwa nini alificha? Jiulize wewe. Msichana anayeuza sukari atangaze kwamba ana ugonjwa wa sukari, mwaka ambao watu wanapanga foleni kupata kikombe kimoja? Wangesema ameupata kwenye gunia lao. Na kijana gani angetaka mke wa sindano? Alikuwa mrembo, alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alitaka kuolewa kama wenzake. Sioni kosa hapo.

Kasian akawa mtu wa baiskeli. Kila alipomaliza darasa Nangwa, alikanyaga hadi Katesh na kujifanya amefuata chaki.

"Leo sina chai," alimwambia siku moja akiegemea kaunta. "Nimekuja mikono mitupu. Huna cha kuninyang'anya, Skola."

"Nimeona umebaki wewe mwenyewe, Mwalimu."

Maneno kama hayo yalimrudisha Nangwa akipiga mluzi. Walipendana, na hawakujificha. Lakini jioni moja wakiwa wamekaa nyuma ya kanisa, Kasian alimwona Scolastica akigeuka pembeni, akifungua fundo kwenye ncha ya khanga yake. Ndani palikuwa na sukari. Aliilamba haraka, akafunga tena fundo. Kwake ilikuwa kinga, asije akazidiwa tena kama siku ya mnada. Kasian hakuuliza. Mtu anayependa ana ufundi mkubwa wa kutouliza, lakini jambo lile lilibaki moyoni mwake na halikumpa raha.

Insulini ilifanya kazi yake. Mwili uliokuwa ukipoteza chakula sasa ulikishika, hata kama chakula chenyewe kilikuwa ugali wa mahindi ya njano ya msaada. Mashavu ya Scolastica yakajaa, mikono ikajaa, na lile gauni la maua likaanza kumbana kwapani. Mwanzoni alijitazama kwenye kioo akafurahi. Kisha akaanza kusikia maneno ya foleni.

Ieleweke ulikuwa mwaka gani. Wanaume walikuwa wameongeza matundu kwenye mikanda yao. Na kwenye mabango ya siasa, mnyonyaji alichorwa siku zote na kitambi na mashavu, kwa hiyo kila mtu alijua adui wa Ujamaa anafananaje. Genoveva, mama wa watoto wengi na ulimi usio na breki, ndiye aliyelisema waziwazi akiwa na debe lake mkononi.

"Shavu hilo si la mahindi ya njano."

Watu hawakucheka. Baada ya hapo mkutano wa kijiji ukaitishwa. Mwenyekiti, mzee Sulle, mtu mnyofu asiyependa kuonea, alisema mali ya duka imekaguliwa na hakuna kilichopungua. Watu wakanung'unika kwamba mizani hufundishika, ila mwili haudanganyi. Basi Sulle akauliza kama yuko anayemfahamu binti huyu kwa karibu, asimame amsemee.

Macho yote yakamgeukia Kasian. Yeye akaikumbuka ile sukari ya kwenye khanga, akatazama viatu vyake. Hakusema neno. Mkutano uliisha kwa kuamua tu kwamba muuzaji wa duka aangaliwe, lakini Scolastica alikuwa ameshapata hukumu yake, na ilitoka kwa mtu mmoja.

Asubuhi iliyofuata alivuta dawa nusu ya kipimo.

Hakuwa mjinga. Alikumbuka vizuri kwamba kabla ya dawa alikuwa mwembamba, na akajua njia ya kurudi huko ni ipi. Alijiambia ni kwa muda mfupi, hadi mvua irudi, hadi wanawake wa foleni nao wapate mashavu. Kiu ikamrudia. Akawa akiamka usiku kwenda uani mara kwa mara, na miguu ikawa mizito. Lakini gauni lilianza kuning'inia, na Genoveva akamsalimia kwa upole. Kila aliposhika kiuno chake akakikuta kimepungua, Scolastica aliona fahari, na fahari hiyo ndiyo ilikuwa hatari kuliko yote.

Wakati huo Kasian alikuwa Mbulu kwenye semina ya walimu. Siku moja akapiga simu posta ya Katesh. Verdiana wa mitambo ya simu akamwita Scolastica kutoka dukani, kisha, kama kawaida yake, akabaki kwenye laini akisikiliza.

"Skola? Unanisikia?"

"Nakusikia, Mwalimu."

"Mwalimu tu? Tangu ule mkutano sijasikia ukiniita Kasian."

"Nakusikia, Kasian."

"Sauti yako imechoka. Unakula?"

"Nakula."

Scolastica alikuwa ameamua kumwambia. Alivuka barabara kwa ajili hiyo, ulimi umemkauka kwa kiu, na sentensi ya kwanza ilikuwa tayari kinywani. Lakini Kasian alitangulia, naye alisema kwa nia njema kabisa.

"Nimekutana na mtu wa Katesh, ananiambia umepungua, umekuwa kama siku ile ya mnada. Watu wamenyamaza. Nimefurahi, mpenzi. Endelea hivyo hivyo, maneno yatakwisha yenyewe."

Pumzi ya Verdiana ilisikika.

"Skola? Ulitaka kusema kitu?"

"Hapana. Nitaendelea hivyo hivyo."

Kuanzia asubuhi iliyofuata hakujidunga hata ile nusu.

Wiki haikuisha. Alianguka dukani, mbele ya foleni, akitapika na kuhema kwa nguvu, pumzi yake ikinuka utamu wa matunda yaliyooza. Waliombeba ni walewale waliomsema. Mzee Sulle alisimama barabarani akalizuia lori la ushirika, na Genoveva akapanda nyuma, akampakata kichwa Scolastica njia nzima hadi Mbulu. Mikono yake ilihisi mifupa tu. Alilia, na hakuwa na hakika analia kwa nini.

Kasian alifika wodini akiwa na vumbi la chaki mikononi. Nesi Ludovika, mwanamke mnene mwenye hatua nzito, alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akasema ni mchumba. Nesi akamwambia kwamba mchumba wake amekuwa akijinyima dawa kwa makusudi, na kama anajua sababu, aiseme. Kasian hakujua hata kama kuna dawa. Nesi akamletea kiti.

Siku ya pili Scolastica alifungua macho akamkuta pale pale. Alimweleza yote kwa sauti ndogo, bila machozi: ugonjwa, sindano, chai ya mnadani, sukari ya kwenye khanga. Alipofika kwenye khanga, Kasian aliinamisha kichwa kwenye kitanda.

"Niliiona ile sukari," alisema. "Siku ya mkutano, ndiyo iliyonifunga mdomo. Nilidhani umeitoa dukani."

"Nilijua kuna kitu umekidhani. Sikujua ni kipi."

"Kwa nini hukuniambia, Skola?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nje wagonjwa waliopata nafuu walikuwa wakiota jua.

"Na kwenye simu nikakwambia uendelee hivyo hivyo," Kasian alisema. "Mungu wangu."

"Ulinisifu. Hakuna aliyenisifu tangu mashavu yale yaje." Akageuza uso ukutani. "Sikiliza, Kasian. Nikijidunga dawa yote, nitanenepa, na nikinenepa ni mwizi. Nikiipunguza, watanizika mwaminifu. Nimechoka kuchagua. Na nikwambie ukweli mwingine, hata sasa naogopa. Nesi amenidunga asubuhi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kushika shavu."

Kasian akaushika mkono wake, uliokuwa umerudi shavuni, akaubakiza hapo. Alisema anampenda, na kwamba anataka kumwoa, mnene au mwembamba. Scolastica akatabasamu kidogo, kwa uchovu.

"Hayo unaniambia mimi, hapa wodini, tukiwa wawili. Siku ile ulinyamaza mbele ya watu."

Alitoka hospitali na kurudi Katesh, amejaa tena kidogo na anazidi kujaa. Siku ya kugawa mahindi, foleni ilikuwa ndefu hadi barabarani. Kabla ya kufungua gunia la kwanza, alisimama nyuma ya kaunta na kuwaambia watu mwenyewe, kwa maneno machache, anaumwa nini na dawa yake inamfanya nini. Akakiri pia kwamba aliipunguza ili wasimseme. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba ugonjwa wa sukari huletwa na kula sukari, kila mtu anajua. Wengine wakaitikia kwa koo.

Ndipo Kasian akaiacha baiskeli yake chini na kupita mbele ya foleni. Hakumwendea Scolastica. Alimwendea mzee Sulle, aliyekuwa amekaa kwenye gunia akisimamia ugawaji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

"Mzee, hapa kwenu sina baba wala mjomba, na nataka kuoa. Naomba uwe mshenga wangu. Uende Tlawi kwa mzee Tluway, unipelekee posa ya Scolastica."

Kila mtu pale alijua mshenga ni nani. Mzee anayekwenda kuposa hubeba jina lake mwenyewe, huulizwa habari za kijana na za binti, naye hujibu mbele ya wazee wenzake. Akiwaambia uongo, yeye mwenyewe hataaminiwa tena siku atakayomwozesha mtoto wake.

"Unajua unaniomba nini?" Sulle aliuliza polepole.

"Najua. Uliuliza kama yuko wa kumsemea, nikanyamaza. Nilimwona na sukari kwenye khanga nikamdhania mwizi, mimi ninayempenda. Ilikuwa ya kumwokoa asizimie. Sasa nasema mbele yako na mbele ya hawa."

Mzee Sulle alimtazama Scolastica kwa muda mrefu, mashavu yake, mikono yake. Akatazama magunia aliyoyakagua mwenyewe. Genoveva alikuwa mbele ya foleni na debe lake.

"Mimi siwezi kumposea mtu binti mwizi," Sulle alisema hatimaye. Akainuka, akajipangusa vumbi kwenye koti. "Nitakwenda Alhamisi. Genoveva, utafuatana nami, uwaeleze wanawake wa huko ulichokibeba kwenye lori."

"Nitawaeleza, mzee," alisema Genoveva.

Yule mzee wa sukari alinung'unika tena, na sidhani kama aliwahi kubadili mawazo. Lakini debe lake lilijazwa kama la wengine, naye akaondoka nalo.

Kasian alibaki amesimama kwenye kaunta, amevua kofia, kama mteja asiyejua anataka kununua nini. Scolastica alikuwa anafuta machozi kwa kiganja.

"Nitanenepa, Kasian," alisema, na sauti yake ilikuwa na hofu ile ile ya wodini. "Sindano si ya mwezi huu tu. Nitanenepa, na watu watasema tena, na mimi nitatamani tena kuipunguza."

"Siku ukitamani, uniambie."

"Nitakwambia."

"Basi nenepa," alisema Kasian.

Asubuhi iliyofuata Scolastica alichemsha sindano yake, akavuta dawa hadi kwenye alama yake kamili, akajidunga, kisha akaketi kunywa uji.