Mfungo wa Epifania Uliopita Pasaka

Epifania hakuwa na viatu. Hakuwa na godoro. Hakuwa na kioo, wala kitenge kipya cha kuvaa kanisani. Lakini chakula hakukikosa. Mwaka ule wa 1978, hapa Masumbwe, mama yake, Febronia, alikuwa amejaza kihenge kizima cha michembe, yaani viazi vilivyokaushwa.

Kwaresima ilipoanza, Epifania alifunga. Baba yake, Ansgar, alifurahi. Baada ya misa aliwaambia wenzake, "Binti yangu ana miaka kumi na sita tu, lakini kwa kufunga anawashinda ninyi wenye vitambi."

"Msifu akifika Pasaka," jirani yake Jilala alimtania.

Pasaka ikafika, ikapita. Epifania hakurudi kula. Aliosha mikono, akaosha bakuli, akaosha mikono tena. Mtu akimsemesha, alianza upya. Chakula kilipoa, akampa mbwa. Kila asubuhi alijipima kiuno kwa kamba. Mifupa ya mabega ilimtoka, naye akasema, "Nimenenepa mno."

"Amelogwa huyo," alisema Jilala.

"Mwacheni," Ansgar alijibu. "Ni wito. Huenda atakuwa sista."

Siku moja Epifania alizirai akichota maji kisimani. Febronia hakungoja ruhusa ya mumewe. Alimbeba mgongoni hadi zahanati. Ansgar alipopata habari aliwafuata.

Muuguzi Melania alimsikiliza Febronia, akampa Epifania uji, akakaa karibu naye.

"Nani alikuambia umenenepa, mwanangu?"

"Wenzangu wa ngoma. Waliniita gunia la pamba."

"Na kuosha je?"

"Nisipoosha, wazo linanijia kwamba mama atakufa. Najua si kweli. Lakini halitoki."

"Kumbe ni ukaidi tu," alisema Ansgar.

"Hapana, baba Epifania. Ni ugonjwa. Wazo humrudia mtu bila yeye kutaka, naye hurudia kitendo ili apate nafuu. Nafuu haidumu, basi hurudia tena. Pia kuna kuuona mwili wako mnene hata ukikonda, na kuna kujinyima chakula. Mara nyingi hayo huandamana, moja likisukuma jingine. Mfungo wa kanisa una mwisho. Huu hauna. Msimcheke, msimgombeze. Mpelekeni kwa daktari wa akili, Mwanza."

"Binti yangu si kichaa."

"Sijasema kichaa. Nimesema mgonjwa. Moyo wake umedhoofika. Ukichelewa utamzika."

Kesho yake walipanda basi.

Hospitali walimlisha kidogo kidogo, wakaongeza polepole. Daktari alimfundisha kuosha mara moja tu, kisha kuivumilia hofu mpaka ipungue. Alirudi nyumbani wakati wa kuchuma pamba. Siku nyingine hofu ilirudi. Hata hivyo, wote walikula pamoja naye, na hakuna aliyetaja mwili wake. Nguvu zikamrudia.

Kisha habari ikatoka Tinde. Binti wa Philomena, dada yake Ansgar, naye alikuwa anakataa chakula, na watu walikuwa wakimsifu. Ansgar akachukua kalamu.

"Dada," aliandika, "usimsifu kama nilivyomsifu wangu. Mpeleke hospitali upesi."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Epifania alikuwa anakula ugali.

"Nikatie kidogo nibandikie," alisema baba yake.

Epifania akamkatia kipande kama punje ya karanga. "Hicho tu, baba. Uliobaki ni wangu."

Ansgar akaibandika bahasha, akaenda kumkabidhi kondakta wa basi la Tinde.