Vlasta Mbele ya Maikrofoni

Mchana ule mkahawa wa Uwanja wa Václav ulifurika watu. Vlasta, koti la kijani mwilini na kofia imelalia jicho moja, aligeuka na sahani yake, soseji yenye haradali ikamtelezea kijana mrefu kifuani.

"Pole, kaka."

"Haradali si sumu," alijibu akijipangusa. "Unakimbilia wapi hivyo, bibie?"

"Studio. Opereta yetu, ule mchezo wa nyimbo wa jukwaani, inafanywa filamu ya sauti. Mimi ndiye muimbaji."

"Basi tuongozane. Naitwa Otakar. Sauti yako naja kuinasa mimi."

Kwa wiki tatu wakawa hawaachani. Simu ikilia chini kwa mama mwenye nyumba aliyompangisha, Vlasta alishuka ngazi mbilimbili.

Siku ya wimbo mkuu alivikwa gauni la hariri ngumu, marinda mpaka sakafuni. Aliimba mafundi wa taa wakabaki wameduwaa. Mara akamsikia Otakar, mlango wa chumba chake cha kunasia sauti ukiwa wazi, akimwambia mwongozaji, "Hii haifai kabisa. Itafutwe nyingine."

Vlasta aliondoka na poda usoni. Aliwajua wenzake waliobakishiwa sura tu kwenye filamu, wakaimbiwa na wengine. Lakini kusemwa na Otakar? Siku mbili hakugusa simu.

Siku ya tatu mama mwenye nyumba alimgongea mlango.

"Mwanangu, kapiga mara tisa. Kama humtaki mwambie mwenyewe, mimi nimechoka kudanganya."

Vlasta akashuka polepole, akashika simu. "Sema, nakusikia."

"Sisemi. Sikiliza rekodi yako."

Ukaja mkwaruzo mkubwa, kama mtu anayekunjakunja magazeti. Ndani yake, kwa mbali, alikuwa yeye anaimba.

"Ni nini hicho kinakwaruza?"

"Nguo yako, mpenzi. Kila ukivuta pumzi inapiga kelele. Nilisema nguo haifai. Ulidhani nini?"

Vlasta akakaa kwenye ngazi. Machozi yakamtoka huku anacheka.

"Nilidhani sauti. Mbona hukunifuata, mjinga wewe?"

"Nilikukimbilia mpaka kwenye tramu. Ikaondoka na wewe."

Vlasta akajipangusa machozi.

"Vlasta, Jumapili nipeleke kwenu Plzeň."

"Baba atakuuliza umefuata nini."

"Nitamwambia nimefuata mke, kama binti yake hana neno."

Pembeni, mama mwenye nyumba alikuwa anafuta kioo kimoja kwa mara ya nne.

"Hana neno," alisema Vlasta.