Waya wa Sauti

Kasuku alitoka mara moja tu, kwenda kununua wembe. Duka liko ng'ambo ya barabara, jua ndiyo linazama, hata redio hakuzima. Akafunga mlango wa kibanda chake cha ufundi, ufunguo akautia mfukoni, akavuka. Akamtania muuza duka, "Hicho kitambi umebeba mapacha au magimbi?" Akachukua wembe wake, akarudi huku anapiga mluzi.

Akafungua mlango.

Ndani kuna mtu.

Mwanamke. Kakaa kwenye kigoda cha wateja, magoti pamoja, kitambaa cha zambarau kimemziba kuanzia puani hadi kidevuni. Mapajani kapakata mashine ya gemu, zile za zamani, nyeusi, nene, za kuchomeka kaseti kwa juu.

Loh! Nywele zingemsimama Kasuku wa watu, ila kile kipara chake kilikuwa na nini cha kusimamisha? Kinang'aa kama sahani iliyooshwa.

"Umepita wapi, mama?"

"Palikuwa wazi." Ananong'ona. Kitambaa hakitikisiki hata kidogo.

Palikuwa wazi! Na funguo za mlango ule ziko mbili tu: mmoja huo hapo mfukoni, mwingine anao mkewe nyumbani.

Sasa huyu Kasuku, jamani, alikuwa fundi kweli, tusimnyime haki yake. Mashine zile za zamani zilitengenezewa tivii za zamani, zenye kisogo. Hizi tivii mpya, nyembamba kama chapati, hazielewani nazo kabisa. Basi yeye kazi yake ni kuzipatanisha. Anachuna waya kwa wembe, anapima, anaziunga ncha kwa risasi iliyoyeyushwa, halafu anavifungia vyote ndani ya kile kisanduku cha plastiki cha kuwekea sabuni. Upande huu unachomeka mashine, upande ule tivii, picha hiyo!

Lakini watu hawakuwa wanamfuata kwa waya. Walikuwa wanaufuata mdomo. Giza likiingia, kile chumba kinajaa watu wa kucheza gemu ya mpira, na Kasuku anatangaza. Weee! Anatangaza mpaka wapita njia wanasimama dirishani. Na kuigiza sauti za watu ndiyo usiseme. Ndiyo maana akaitwa Kasuku.

Na aliyekuwa anamwigiza kuliko wote ni mkewe.

Mkewe ana kigugumizi. Mwanamke mpole, nywele ndefu, kasuka mabutu mawili mpaka mabegani. Kasuku akampa jina: Cherehani. Ati akiongea ni t-t-t-t-t kama anashona suruali. Akija pale na chakula cha jioni, akijaribu kusema neno mbele za watu, Kasuku anamdaka juu juu: "T-t-t-tema basi, Cherehani, chakula ki-ki-kinapoa!" Watu hoi! Wanashika mbavu. Mke anaweka sufuria chini, anaondoka. Mwisho akaacha kabisa kuongea. Miezi mizima, kimya.

Basi, turudi kwa mgeni.

"Nataka picha," mwanamke akasema. "Ionekane kwenye hizi tivii mpya. Picha tu. Waya wa sauti umekatwa. Usiuguse."

"Gemu bila sauti? Mama, huo si mchezo, huo ni msiba!" Akacheka peke yake.

"Usiuguse, fundi."

"Na nikiugusa?"

Mwanamke akamtazama kipara. Muda mrefu tu.

"Usije kusema hukuambiwa. Atakuja mtu kuichukua."

Akatoka. Viatu vyake havikulia sakafuni.

Kasuku akafyonza, akaifungua mashine. Ikatoka harufu... ya udongo mbichi. Ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Akaguna, akaendelea. Waya mwekundu, wa kijani, wa buluu. Wa nne ule wa kuituliza picha isitambae. Yote akaichomea vizuri, mkono umetulia.

Wa tano ndiyo wa sauti. Umekatwa katikati. Zile ncha mbili zimelazwa pamoja, na zimefungwa kwa unywele. Unywele mmoja, mrefu, mweusi. Fundo juu ya fundo juu ya fundo.

"Mh! Wachawi siku hizi wanaroga mpaka gemu!"

Akawasha tivii kwanza aone picha.

Hakuna mpira. Hakuna magari. Kuna giza, na ndani ya giza kuna vijitu, vile vya vidoa vidoa vya mraba, vimesimama kwenye mstari kama vinapigwa picha ya harusi. Vinafumbua midomo. Vinafumba. Vinafumbua. Vyote vinamtazama yeye. Mwisho wa mstari pana nafasi ya mtu mmoja, tupu.

Mtu mwenye akili angezima, akakimbia. Lakini Kasuku bwana! Akashika kiuno, akaanza kutangaza. "Timu imeshajipanga, watazamaji, ila naona mchezaji mmoja kachelewa!" Akacheka. Halafu akautazama ule waya, roho ikamuuma.

"Kazi yangu itoke hapa bubu? Aka! Bubu ninaye mmoja nyumbani, anatosha."

Akachukua chuma cha moto, akaugusa ule unywele.

Tssss.

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, nzito, tamu tamu, inashika kooni. Akazichomea zile ncha mbili. Zikashikana.

Redio ikazimika yenyewe.

Halafu kwenye tivii... pumzi. Watu wengi wanahema. Wanahema kama wametoka kukimbia.

"Kasuku," wakasema wote.

"Mama yangu wee!" Kasuku akapiga ukelele.

Ukelele ule haukutoka mdomoni mwake.

Ulitoka kwenye tivii.

Akafungua mdomo tena. Upepo tu. Akajipiga kifuani, akakohoa; kikohozi kikalia kule kwenye kioo. Na mwisho wa mstari ile nafasi tupu haipo tena. Kimesimama kijitu kipya, kifupi. Kina kipara.

"Nitoeni!" kinalia, kwa sauti yake Kasuku, ile ile ya kutangazia mpira. "Nitoeni humu! Wananishika!"

Akachomoa waya wa umeme ukutani. Picha haikuondoka. Akautenganisha ule waya wa sauti kwa wembe. Kilio kikazidi.

Basi ufundi ukamjia, maana fundi ni fundi hata akitaka kufa. Kitu kikiharibika, kirudishe kilivyokuwa. Kilikuwaje? Kimefungwa. Kwa nini? Kwa unywele!

Akajipapasa kichwani.

Kipara.

Akajipapasa kidevuni. Kanyoa asubuhi. Akang'oa unywele wa nyusi, akajaribu kufunga. Mfupi. Akang'oa mwingine. Mfupi. Nyusi zote zikaisha pale mezani, damu inamchuruzika jichoni, na hakuna uliofika hata nusu ya fundo.

Ufunguo ukalia mlangoni.

Akaingia mkewe. Hana sufuria leo. Shingoni kajitanda kitambaa cha zambarau.

"Nimetumwa kuchukua mashine," akasema.

Mnaona? Kwa pumzi moja. Laini kama maji ya mtungini.

Kasuku hata kushangaa hakuwa na nafasi. Akaanguka magotini, akaonyesha waya, akaonyesha yale mabutu mawili, akaunganisha mikono. Na kule kwenye tivii sauti yake inapasuka: "Mke wangu! Unywele! Mmoja tu! Funga waya, mke wangu, nakufa!"

Mke akaisikiliza ile sauti, kichwa kakiinamisha upande. Halafu akafungua butu moja, taratibu. Akachagua unywele, akauvuta. Mrefu huo! Akaunyoosha kwenye mwanga wa tivii. Akaulaza juu ya waya, akaupima. Unatosha, na unabaki.

Kasuku akalia machozi ya furaha, anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, hapo hapo.

Mke akainama mpaka pua zikakaribia kugusana.

"S-s-s-sema basi," akamwambia. "M-m-mbona husemi? T-t-t-tema, mume wangu. Chakula ki-ki-kinapoa."

Akauweka unywele kwenye kiganja. Akaupuliza.

Kasuku akaurukia. Akatambaa chini ya meza, akaparura sakafu mpaka kucha zikang'oka, lakini unywele mmoja kwenye sakafu ya fundi, katikati ya nyaya na vumbi, utauona wapi? Mke akachukua rimoti. Akaanza kupunguza sauti. Polepole. "Mke wangu... mke wangu... mke..." mpaka kikabaki kile kijitu kinafumbua mdomo tu, kinafumba, kama samaki aliyetupwa juu ya mchanga.

Mlango ukagongwa. Giza limeshaingia, wachezaji wamefika, na mbele yao yule muuza duka na kitambi chake.

"Kasuku! Leo hutangazi?"

Mke akawafungulia. "Karibuni," akasema. "Leo natangaza mimi."

Wakatazamana. Cherehani anaongea! Halafu wakamwona Kasuku anatoka chini ya meza kwa magoti, hana nyusi, kapanua mdomo, haitoki hata sauti ya panya. Na mke nyuma yake anamwigiza, kapanua mdomo vile vile.

Watu hoi! Walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Na aliyecheka kuliko wote ni muuza duka, kicheko kinatokea tumboni, kinene, kinatetemesha vioo.

Hakuna aliyetazama tivii. Kule kwenye mstari vile vijitu vilikuwa vinasogea, kidogo kidogo, vinabanana. Pembeni ya kile chenye kipara pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Mtu mnene.

Mke akamgeukia muuza duka, anatabasamu.

"Shemeji," akamwambia, "una kicheko kizuri wewe. Njoo ukae hapa mbele."