Ukuta Niliouficha

Mama mwenzangu, kama una ukuta mweusi nyumbani kwako, soma haya kabla hujanunua rangi. Mimi nilinunua. Nusura inikoseshe nyumba.

Tulikuwa tunapanga nyumba ya zamani hapa mjini Kilnagar, mimi, mume wangu Fergal na watoto wetu wawili. Kila asubuhi, kabla sijawasha birika, nilifuta ukuta wa chumba cha watoto. Ukungu mweusi ulianzia pembeni, nyuma ya kabati, ukapanda mpaka darini. Nikiufuta leo, kesho umerudi.

Mwanangu Oran alikuwa na miaka sita. Kitanda chake kilikuwa upande wa ukuta ule. Akilala, kifua chake kilipiga filimbi.

"Mama," dada yake Maeve alisema, "Oran kameza birika."

Tulicheka. Lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu. Mara mbili mwaka ule tulimkimbiza hospitali.

Fergal alifanya kazi kiwanda cha nyama. Mshahara wake haukutosha kupanga pazuri zaidi. Kwenye orodha ya kungojea nyumba za halmashauri, huo ulikuwa mwaka wetu wa saba.

Basi Jumamosi moja naosha vyombo, naona watu kwenye shamba la masista, ng'ambo ya barabara. Na mimi, Mungu anisamehe, nikiona kitu nisichokijua siwezi kutulia.

"Fergal! Njoo uone. Yule si mwenye duka la dawa? Anasukuma toroli!"

"Labda kafilisika."

"Na mwalimu mkuu kashika sepeto."

Fergal akachungulia. "Kalishika kama kijiko cha supu," akasema, akarudi kwenye gazeti lake.

Jumamosi ya pili wakaja tena. Ya tatu nikashindwa. Nikavaa koti, nikavuka barabara kama mtu anayenyoosha miguu tu.

Pale nikamkuta jirani yangu, Bi Attracta. Alikuwa nesi wa zahanati mpaka alipostaafu. Ana miaka sabini na moja. Amevaa koti lake la kanisani na kofia ngumu ya mafundi, anakata mkate wa kula na supu.

"Nilikuwa najiuliza utakuja lini," akasema. "Pazia lako limecheza wiki tatu."

Nikaona haya. Lakini nikauliza. "Mnajenga nini hapa?"

"Nyumba sita. Masista wametoa ardhi. Sisi tunatoa mikono."

"Za nani?"

"Za watu wa kipato kidogo. Watu kama wewe na Fergal."

"Bure?"

"Si bure, mwanangu. Kila familia italipa chama chetu cha ujenzi kidogo kidogo kila mwezi, kufuatana na mshahara wao. Na lazima wafanye kazi hapa saa mia nne. Asiyeweza kubeba tofali anapika, anapiga rangi, anauza kwenye duka letu la mitumba. Saa ni saa."

"Na saruji? Mbao? Nani ananunua?"

"Mji mzima. Hukuona msafara wa matrekta mwezi wa tano? Kila dereva alichanga. Halafu tukachezesha bahati nasibu, zawadi mwanakondoo. Tumemchezesha mara nne."

"Wanakondoo wanne?"

"Mmoja! Kila aliyemshinda alituambia tumchezeshe tena, watu wanunue tiketi zaidi. Mara ya nne akashinda padri. Hana hata zizi, maskini."

"Sasa mwanakondoo yuko wapi?"

"Anakula maua ya kanisa." Akanipa kipande cha mkate. "Nyumba tano zimeshapata wenyewe. Imebaki moja. Jazeni fomu, Nuala. Watu wawili wa chama watakuja kuona mnavyoishi, kisha kamati itaamua."

Usiku ule niliota mlango. Mlango tu, wa kijani, na funguo mkononi mwangu.

Tukajaza fomu. Barua ikaja: wageni watafika Alhamisi, saa kumi jioni.

Hapa ndipo nilipokosea, na hapa ndipo nataka unisikilize.

Kwetu, zamu yako ya padri kuja kusomea misa nyumbani kwako ikifika, unapaka rangi. Mama yangu alifanya hivyo, na bibi yangu pia. Padri na majirani hawaingii kwenye nyumba yenye doa. Mgeni akija, unaficha aibu yako na unatoa vikombe vizuri. Mimi sikujua njia nyingine ya kupokea mgeni.

Nikanunua ndoo ya rangi nyeupe.

"Si wanakuja kuona nyumba ilivyo?" Fergal akauliza.

"Wakiuona ukuta ule watasema mimi mchafu! Watasema sijui kulea! Je, wakiwachukua watoto?"

Fergal akachukua brashi. Akapanda ngazi, akapaka. Akarudia mara ya pili, ukuta ukawa mweupe kama maziwa. Nikaazima mapazia ya dada yangu. Nikaoka skonzi.

Wageni walikuwa mwanamume wa miwani na msichana mwenye daftari. Walikuwa watu wa heshima. Wakaingia chumba cha watoto.

"Chumba kizuri," mwanamume akasema.

"Kuna shida ya unyevu?" msichana akauliza.

"Hakuna," nikajibu upesi. "Niwaongeze chai?"

Oran akakohoa.

"Mafua tu," nikasema.

Msichana akaandika. Wakala skonzi mbili mbili, wakashukuru, wakaenda. Nilijiona nimeshinda.

Baada ya wiki mbili barua ikaja. Nyumba ya sita amepewa baba mmoja anayeishi na mapacha wake kwenye karavani. Mwisho wa barua waliandika: "Tumefurahi kuona kwamba makazi yenu ni mazuri."

Niliisoma nimesimama. Kisha nikakaa. Kisha hasira ikapanda.

"Wanapeana wenyewe kwa wenyewe!" nikamwambia Bi Attracta alipokuja kurudisha bakuli langu.

Alikuwa ananusa. Akapita moja kwa moja mpaka chumba cha watoto, akasimama katikati.

"Rangi hii umepaka lini?"

"Kabla wageni hawajaja."

"Tusogeze kabati."

"Bi Attracta, kuna nini cha kuona nyuma ya..."

"Shika upande huo, mwanangu."

Tukalisogeza. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba. Doa la kijivu lilikuwa linarudi, kama chai inavyopenya kitambaa cheupe. Mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini?"

"Utaniona mchafu."

"Mchafu wewe? Nyumba hii mtu anaweza kula sakafuni." Akaweka kiganja chake ukutani. "Gusa. Nini?"

"Baridi."

"Ukungu hauletwi na uchafu. Unaletwa na maji na baridi. Birika likichemka, mvuke unaenda wapi?"

"Sijui. Unapotea."

"Haupotei. Unatafuta ukuta wa baridi, unageuka maji. Nguo zako unaanika wapi?"

"Humu ndani. Huko nje mvua haikati."

"Haya. Na lile bomba la paa limevunjika tangu lini?"

"Tangu tuhamie. Mwenye nyumba anasema kesho."

"Basi ukuta unanyweshwa nje na ndani. Umempaka rangi mtu aliyelowa, badala ya kumvua nguo mbichi. Na Oran anavuta vumbi la ukungu, pamoja na harufu ya rangi."

Nikafuta macho. "Lakini wageni wangenidharau."

"Hawakuja kukukagua wewe, Nuala. Walikuja kumtafuta mwenye shida. Wewe ukawaambia hapa hakuna shida, ukawapa na skonzi juu. Wangejuaje?"



Siku ile ile akanifundisha. Kitanda cha Oran kiondoke ukutani. Kabati lisibanane na ukuta, hewa ipite. Ukipika, funika sufuria, fungua dirisha. Nguo zianikwe chumba kimoja, mlango umefungwa, dirisha wazi. Doa dogo lifutwe kwa maji na sabuni, umevaa glavu na barakoa, watoto wasiwepo, na kitambaa ukitupe. Doa kubwa usilihangaikie mwenyewe, aitwe fundi. Piga picha, andika tarehe, mpelekee mwenye nyumba kwa barua. Maneno ya mdomo huyasahau, barua hawezi.

Na jambo la mwisho ndilo lilikuwa gumu. "Andikia chama. Waambie ukweli."

Niliandika. Karatasi tatu nilizichana. Ya nne nikaituma.

Wale wale wawili walirudi. Safari hii sikuoka kitu. Niliwaonyesha ukuta, picha, na dawa ya Oran ya kuvuta. Msichana wa daftari akasema taratibu, "Ahsante kwa kutuonyesha. Nyumba ya sita imekwenda. Kuna viwanja viwili vilivyobaki, lakini fedha za kujengea hatuna. Hatuwezi kukuahidi."

Nikamwuliza, "Mikono je, mnahitaji?"

Jumamosi iliyofuata nilivaa kofia ngumu. Wakanipeleka wapi? Nyumba ya sita! Ile ile. Nilikuwa najenga nyumba niliyoikosa. Baba wa mapacha, jina lake Lorcan, alikuwa ananipa matofali, nami namkabidhi fundi. Kwa saa ya kwanza sikusema naye. Saa ya pili mapacha walituletea chai, miguu yao imelowa kwa sababu karavani linavuja. Roho yangu ikalainika.

Fundi nikamchosha kwa maswali.

"Kwa nini kuta mbili? Moja haitoshi?"

"Ya nje inapigwa mvua. Ya ndani inakaa kavu."

"Na haya magodoro katikati?"

"Sweta ya nyumba, mama. Ukuta ukivaa sweta haupati baridi, na usipopata baridi mvuke haugeuki maji."

"Na hicho kitundu juu ya jiko?"

"Pua. Nyumba nayo lazima ipumue. Sasa unaniachia nijenge?"

Majira yale tulichanga tena. Fergal aliwashawishi wenzake wa kiwandani wakatembea kilomita thelathini, kila mmoja na wafadhili wake wa kulipia kila kilomita. Alirudi na malengelenge asiyoweza hata kuyahesabu. Mimi niliuza mitumba kila Jumatano. Na mwanakondoo wa padri tukamrudisha kwenye bahati nasibu, ingawa kwa maua yale alikuwa kondoo mzima. Padri aliomba asimshinde tena.

Misingi miwili ikachimbwa. Kamati ikakaa. Nyumba ya saba tukapewa sisi.

Mlango si wa kijani, ni wa bluu. Lakini nyuma ya kabati ni pakavu. Naangalia kila wiki, bado naogopa. Oran kwa mwaka mzima hajalazwa. Maeve anasema birika limepoa. Nyumba ya zamani nayo, mwenyewe alitengeneza bomba baada ya barua yangu ya tatu.

Saa mia nne tulizimaliza zamani, lakini Jumamosi bado naenda. Mwezi uliopita chama kikanituma na daftari, mimi na Lorcan, kutembelea mama mmoja karibu na mto.

Alitufungulia mlango na aproni safi. Mapazia yamepigwa pasi. Skonzi zilikuwa bado za moto. Mtoto alikuwa anakohoa chumba cha ndani.

"Mafua tu," akasema upesi. "Niwamiminie chai?"

Nikanusa. Nikaweka daftari mezani.

"Rangi umepaka lini, mwanangu?"

Akaniangalia. Kisha akaliangalia kabati.

"Jana," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikashika kabati upande mmoja, nikamngoja. Akaja akashika upande wa pili.