Nyoka Aliyeshiba Daftarini

Kila asubuhi ya likizo ya kiangazi, sisi watoto wa mtaa wetu hapa Iwakuni, Japani, hukusanyika uwanjani saa kumi na mbili na nusu kufanya mazoezi ya viungo tukifuata redio. Mwaka ule nilikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kutimua mbio kurudi nyumbani, kwa sababu nilikuwa na kazi. Nilimtoa Somen kwenye kasha lake la plastiki, nikamnyoosha kando ya rula, nikampima na kumchora. Kisha nilimpelekea Bibi daftari langu la shule apige muhuri wa nyumba kuthibitisha kazi ya siku, maana Baba na Mama walikuwa wameshatoka kwenda kazini.

Somen alikuwa kitoto cha nyoka asiye na sumu, rangi ya chungwa, mwembamba kama zile tambi nyeupe za kiangazi nilizompa jina lake. Nilipewa na Mzee Onodera, mfugaji wa nyoka mwenye duka ng'ambo ya mto. Bibi hakumwogopa hata kidogo.

"Iwakuni hatumfukuzi nyoka," alisema. "Nyoka ni bahati ya nyumba. Ila siku nikimkuta kwenye sufuria yangu ya wali, Kozue, mtahama wote wawili!"

Mzee Onodera alinipa masharti. Kila siku ya sita nimpe kichanga kimoja cha panya, kile kisichoota manyoya bado. Nikitoe kwenye friza, nikiyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, nimpe kwa kibanio. "Na akishameza, siku mbili usimguse. Umesikia, binti? Usimguse!"

Kusikia nilisikia. Lakini Mwalimu Hatano alikuwa ametupa daftari la utafiti wa likizo, kila siku na ukurasa wake, picha juu, maelezo chini. Utafiti bora ungewekwa mbele ya shule nzima. Mwaka uliopita alishinda Misuzu, jirani yangu, kwa konokono wake, nami nikapiga makofi huku roho ikiniuma. Safari hii niliapa kuwa ni zamu yangu.

Chakula cha kwanza Somen alikimeza vizuri sana. Kesho yake asubuhi nikamtoa nimchore tumbo lilivyovimba. Nilipomlaza tu kando ya rula, akajipinda, akafungua kinywa, akatapika chote. Lo! Nilipangusa haraka kabla Bibi hajaja. Daftarini niliandika: "Somen amekula, amefurahi."

Siku ya saba akakataa kula. Nikamsogezea kichanga mdomoni, akageuza kichwa. Nikakifunga kwenye gazeti, nikakizika nyuma ya nyumba, nikaandika: "Amekula." Ya kumi na tatu akakataa tena, na ya kumi na tisa, na ya ishirini na tano. Nami kila asubuhi nilimtoa, nikamnyoosha, nikamchora. Katika picha zangu alikuwa akinenepa. Bibi aligonga muhuri bila kusoma, akisema, "Mjukuu wangu ana bidii, jamani!"

Misuzu alikuja kumtazama siku hiyo ya ishirini na tano. Alilifungua daftari, akalitazama kasha, akacheka. "Wewe Kozue, nyoka wako anakula daftarini tu? Mbona amekuwa kama kamba ya kiatu?"

"Nenda kawaangalie konokono wako!" nilimfokea. Alipoondoka nilijifungia chumbani nikalia. Nilijua alichosema ni kweli.

Kesho yake Somen hakuinua kichwa. Ngozi yake ilikuwa imekunjamana ubavuni, na nilipomgusa hakujisogeza. Nilipiga kelele, "Bibi! Somen anakufa!"

Bibi hakuuliza mengi. Alilifunga kasha kwa kitambaa, akavaa viatu. "Lete na daftari. Mzee atataka kujua habari zake."

"Si lazima, Bibi."

"Si lazima nini? Lete!"

Tulivuka daraja karibu tukikimbia, mimi nimekumbatia kasha, jua limeshaanza kuwaka. Dukani nilimwinamia Mzee Onodera, nikamkabidhi kasha. Alimweka Somen kiganjani, akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akalichukua daftari, akasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Ajabu," alisema. "Mwili wake unasema njaa, daftari linasema amekula jana. Basi chakula kinaingia lakini hakimfai. Tumbo lake ni gonjwa. Nitampa dawa, na asile kitu chochote kwa wiki mbili. Nikimlisha sasa nitamuua."

"Ahsante sana, Mzee," Bibi alisema, akiinama hadi chini.

Wiki mbili! Nilimtazama Somen. Asingefika hata siku tatu. Nikimwambia Mzee ukweli, Bibi ataaibika mbele yake, maana muhuri wa nyumba yetu uko kwenye kila ukurasa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe. Mzee alikuwa ameshaanza kufungua chupa ya dawa.

"Ni uongo!" nilisema.

Bibi aligeuka. "Uongo gani? Nimegonga muhuri mimi!"

"Hajala, Bibi. Alikula mara moja tu, akatapika. Nilimtoa kumchora. Nimekuwa nikimtoa kila siku."

Bibi alikaa kwenye kiti, uso umembadilika. Sijawahi kumwona hivyo, na ningeona heri anichape. Mzee Onodera hakunikemea. Aliiweka chini ile chupa na kuuliza haraka, "Siku ngapi?"

"Ishirini na tano."

Alikata kipande kidogo cha kichanga cha panya, akakipasha joto, akakiweka pamoja na Somen ndani ya kiboksi kidogo chenye giza na matundu, kisha akakisogeza karibu na taa ya joto. "Nyoka mchanga anajua kuwa yeye ni kitoweo cha kila mtu. Akitolewa nje kila siku, anangoja kuliwa, hawezi kula. Sasa hakuna kumfungua mpaka kesho."

Kesho yake tulifungua. Kipande kilikuwa palepale. Niliketi sakafuni nikalia mbele za watu. Mzee alimnywesha maji tone kwa tone, akasubiri siku moja, akaweka kipande kingine. Siku hizo mbili Bibi hakunitania wala kunikemea. Aliniwekea wali, akarudi jikoni.

Siku ya nne Mzee alikifungua kiboksi taratibu. Hakikuwamo kitu ila Somen, amejikunja, na katikati ya mwili wake kuna kivimbe kidogo kama punje ya dengu.

Sikumgusa. Bibi alinishika bega, akapumua kwa nguvu. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," alisema. "Shukuru kilio hakijafika. Leo hii tunakwenda kwa Mwalimu Hatano, na kila ukurasa utauandika upya mbele yangu. Nami nitasoma, maana hata mimi nimekosa."

"Sitashinda," nilisema.

"Hutashinda," alikubali Bibi.

Mzee Onodera alirudisha kifuniko. "Sikiliza, Kozue. Mbwa akiwa na njaa atabweka, paka atalia. Nyoka hana sauti. Sauti yake yote ilikuwa mkononi mwako, kwenye kalamu. Siku ishirini na tano alikuwa akilia njaa, na wewe ukawa unamwandikia kicheko."